Pauni 28: hesabu ya kutosheka

Kila Januari kuna watu huja kwangu na madaftari yao. Kwa kazi mimi ni mhasibu, na Jumapili ni mhubiri mlei katika kanisa la Kimethodisti hapa Mombasa, kwa hiyo wanaokuja huja na mambo mawili kwa pamoja: mkopo wa SACCO utaisha lini, na tafadhali tuombe kabla sijaondoka. Swali langu la kwanza ni lilelile miaka yote. Siulizi unapata ngapi. Nauliza, ngapi inakutosha?

Hunyamaza kwanza. Kisha hunijibu, "Ndugu, haitoshi."

Nawaelewa, kwa sababu nami nilikuwa hivyo. Lakini "haitoshi" haina mahali pa kuandikwa katika daftari. Mahali pake panahitaji tarakimu, na Mkristo asipoiandika mwenyewe ataandikiwa na mshahara wake, au na jirani aliyenunua gari. Tangu nilipolielewa jambo hili nimekuwa nikiwasimulia watu habari za John Wesley na pauni zake 28.

Wesley ndiye mwanzilishi wa vuguvugu lililozaa makanisa ya Kimethodisti, na wamishenari wa makanisa hayo walifika Ribe, nyuma kidogo ya Mombasa, mwaka 1862. Ila hapa namzungumzia kijana wa chuo cha Oxford, Uingereza, kabla hajajulikana na mtu. Katika mahubiri yake ya uzeeni anasimulia kuhusu vijana fulani wa chuo kile, na mmoja wao, ambaye hakumtaja jina na ambaye wengi tunaamini ni yeye mwenyewe, alikuwa na pato la pauni 30 kwa mwaka. Alitumia 28, akatoa 2 kwa maskini. Mwaka wa pili alipata 60. Akatumia 28, akatoa 32. Mwaka wa tatu alipata 90, akatoa 62. Mwaka wa nne zikawa 120. Akaishi kwa 28 zilezile, na 92 zikaenda kwa maskini.

Mhasibu akiitazama hesabu hiyo haoni kwanza ukarimu. Anaona safu moja isiyosogea. Pato limeongezeka mara nne na matumizi yamekaa palepale, kwa sababu kijana yule alijua kiasi kinachomtosha kabla nyongeza haijafika. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunasubiri pesa ziingie, ndipo tuulizane kinachotosha. Na pesa zikishakuwa mkononi jibu ni "hizi hizi zote, na kidogo zaidi".

Nilipopandishwa cheo mara ya kwanza, mshahara wangu uliongezeka kwa karibu theluthi. Nilimshukuru Mungu kwa sadaka ya shukrani iliyonona, nikahamia nyumba kubwa zaidi, watoto wakabadilishwa shule, nikanunua viti vya sebuleni kwa mkopo. Baada ya miezi kumi na minane nilikuwa nakopa kwenye simu tarehe 20 ili tufike mwisho wa mwezi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya nikiwa na mshahara mdogo. Sikuwa nimekunywa pombe hata senti moja. Sikucheza kamari. Kila kitu nilichonunua kilikuwa halali, na mke wangu alikubaliana nami katika kila kimoja. Ndiyo maana naona mafundisho yanayomkemea mlevi na mcheza kamari hayatoshi. Wengi wetu kanisani tunazamishwa na vitu vizuri.

Wesley aliijua hofu ya deni tangu utoto. Baba yake, Samuel, alikuwa kasisi wa Epworth mwenye watoto wengi, na mwaka 1705 alifungwa katika ngome ya Lincoln kwa deni lisilofika hata pauni 30. John alikuwa mtoto wa miaka miwili hivi. Mtu aliyelelewa katika nyumba kama ile angeweza kukua akilimbikiza kila senti, na nimewaona wengi wa namna hiyo. Yeye hakuelekea huko, na sababu mojawapo anaieleza mwenyewe.

Siku moja ya baridi kali Oxford alijiwa na msichana wa shule ambayo yeye na wenzake walikuwa wakiifadhili. Msichana alivaa gauni jepesi la kitani. Wesley akamuuliza kama hana kingine cha kujifunika. Akajibu kwamba ndilo alilo nalo tu. Wesley akatia mkono mfukoni akakuta karibu hamna kitu, maana pesa zake alikuwa ametoka kuzilipa kwa picha za kupamba kuta za chumba chake. Akajiuliza kama Bwana wake angeweza kumwambia, "Vema, mtumwa mwema na mwaminifu," naye amezipamba kuta kwa pesa ambazo zingemkinga maskini yule na baridi. Akaenda mbali zaidi: akaziita picha zile damu ya msichana. Maneno makali. Sikuyapenda nilipoyasoma mara ya kwanza, na bado huwa yananijia nikiwa nimesimama mbele ya dirisha la duka.

Sasa kiasi kinachotosha ni kipi? Paulo anamwandikia Timotheo: "ila tukiwa na chakula na nguo tutaridhika na vitu hivyo" (1 Timotheo 6:8). Neno la Kigiriki lililofasiriwa "nguo" maana yake ni vitu vya kufunika, na Wesley alishikilia kwamba ndani yake imo nyumba pamoja na mavazi. Kiswahili kina neno lililokaa sawasawa hapo: sitara. Nguo ni sitara, na nyumba ni sitara. Chakula na sitara. Akihubiri juu ya mstari unaofuata, Wesley alisema kila kilichozidi hapo, kwa kipimo cha mtume, ni utajiri. Kwa kipimo hicho mimi ni tajiri, na pengine wewe unayesoma haya kwenye simu yako pia, hata kama akaunti inasema vingine. Maonyo ya mstari wa 9 juu ya wale "watakao kuwa na mali" hatuwezi kuyasukumia kwa mabwanyenye wa Nyali peke yao.

Huwa napenda pia Yohana Mbatizaji alivyowajibu askari: "mtoshewe na mishahara yenu" (Luka 3:14). Mfasiri alichagua vizuri. Kutosha ni habari ya kitu, kutoshewa ni habari ya mtu, na kitu kinaweza kutosha huku mtu hajatoshewa. Wala mtu hazaliwi ametoshewa. Paulo anawaambia Wafilipi "nimejifunza kuwa radhi", na analisema hilo ndani ya barua ya kushukuru kwa msaada aliotumiwa kwa mkono wa Epafrodito. Aliridhika, na msaada aliupokea kwa furaha.

Lipo kosa ambalo limewaumiza watu wengi, nalo ni kuwahubiria wenye njaa kuridhika. Wesley hakufanya hivyo. Februari 1753 alipita katika vyumba vya chini na vya darini vya maskini wa London, akawakuta wagonjwa na wenye njaa, wengi wao wakifanya kazi kila walipoweza kutambaa. Aliandika katika shajara yake kwamba ule msemo wa watu, eti maskini ni maskini kwa sababu ya uvivu tu, ni uongo wa kishetani. Mama anayefua nguo za watu katika mtaa wetu wa Bangladesh hapa Mombasa, au Likoni, na kulala na deni la unga hahitaji mahubiri yangu ya pauni 28. Anahitaji zile 92 za mwaka wa nne.

Ndiyo maana mafundisho yake yalianza na kutafuta. Pata kadiri uwezavyo, weka akiba kadiri uwezavyo, toa kadiri uwezavyo. Watu hunukuu la kwanza na la pili, wakafunga Biblia. Hata lile la kwanza alilizungushia ua: usipate kwa kuua mwili wako kwa kazi, usipate kwa kumwangamiza jirani, usipate kwa kuuza pombe kali. Na kutoa kwake hakukuwa sadaka ya kutupia ombaomba. Katikati ya miaka ya 1740 alichangisha pauni 30 na shilingi 16 London, akaanzisha mfuko wa kukopesha maskini: shilingi 20 tu (za Kiingereza za wakati ule, yaani pauni moja) kwa mtu, zirudishwe kidogo kidogo kila wiki ndani ya miezi mitatu. Katika miezi 18 walisaidiwa watu 255. Mwanachama yeyote wa chama cha akina mama atauelewa mpango huo bila kuelezwa. Pesa ndogo, zikizunguka haraka, mikononi mwa watu wanaofahamiana.

Najua hoja inayokuja, kwa sababu nimeisikia mara nyingi: Wesley wa Oxford hakuwa na mke wala karo, na bei za vitu hazikumpanda kama zetu. Ni kweli. Tena sisi tuna wazazi kijijini, wadogo zetu chuoni, matanga, harambee, na simu ya binamu saa nne usiku. Lakini yeye mwenyewe alipopanga utaratibu wa kutumia pesa alianza na mahitaji yako, kisha mke, watoto na wote wa nyumbani mwako. Kikibaki, jamaa ya waaminio. Kikibaki tena, watu wote. Kwa mpango huo mama yako kijijini haingii kwenye ziada. Anaingia ndani ya 28.

Ninaloomba watu wafanye ni hili. Kwa miezi mitatu andika kila kinachotoka, hata nauli ya matatu na maandazi. Usijirekebishe bado, andika tu. Kisha keti na mwenzio, mpitie mstari kwa mstari, mkipima kila mmoja kwa swali aliloliuliza Wesley: hapa natumia kama mwenye mali, au kama wakili, yaani msimamizi, wa mali ya Bwana? Mkimaliza, jumlisheni chakula, sitara, afya, shule, wazee, nauli, na kitu kidogo cha furaha (mimi huwa nasisitiza furaha iandikwe, isijifiche ndani ya "mengineyo"). Jumla hiyo iandikeni ukurasa wa kwanza. Bei ya unga ikipanda, tarakimu ipande. Mtoto akizaliwa, ipande. Mshahara ukipanda peke yake, isiguswe. Kwetu tuliiandika usiku, tukabishana juu ya viti, na tukachukua miaka miwili kumaliza madeni kabla safu ya kutoa haijaanza kuonyesha kitu cha maana.

Wesley alikuja kupata pesa nyingi bila kutazamia. Alichapa vijitabu vya bei rahisi ili maskini waweze kuvinunua, vikauzika kuliko alivyofikiri, na akakiri kwamba alijikuta amekuwa tajiri bila kujua. Mwaka 1776 maofisa wa ushuru walimwandikia, wakishuku kwamba ana vyombo vya fedha asivyovitaja. Akawajibu kwamba ana vijiko viwili vya chai vya fedha London na viwili Bristol, na hatanunua vingine wakati wengi wanaomzunguka wanakosa mkate. Julai 1790, akiwa na miaka 87, aliandika kwamba ataacha sasa kuweka hesabu, kwa kuwa ana hakika anatoa yote aliyo nayo.

Alifariki Machi 2, 1791. Katika wosia wake aliagiza asichukuliwe kwa gari la maiti, pasiwe na msafara wala mapambo. Aliacha pauni 6 wagawiwe maskini sita watakaolibeba jeneza lake, pauni moja kila mtu. Huwa nausoma wosia huo kwa sauti tunapoketi kama kamati ya matanga, kabla mtu yeyote hajaanza kutaja bei za mahema.