Utomvu Hauoshwi: Mahali pa Mzinga na Ubora wa Propolisi ya Ngozi

Katika karakana yangu hapa Arua, Uganda, ninapokea propolisi, ile gundi ya nyuki, kutoka kwa wafugaji wa nyuki wa Zombo, Yumbe, Moyo na Adjumani, kisha ninaiyeyusha, ninaichuja na kuitia katika marhamu ya midomo iliyopasuka, visigino na ngozi yenye chunusi. Wanunuzi huniuliza kikopo kina propolisi asilimia ngapi. Ni swali la haki, lakini lipo jingine linalolitangulia, nalo ni mzinga ulikaa wapi, kwa maana propolisi ikishashika uchafu hakuna hatua yoyote ya karakanani inayoweza kuutoa wote.

Propolisi haitoki mwilini mwa nyuki kama nta. Nyuki wachache katika kundi huenda kwenye vichipukizi na majeraha ya miti wakati wa jua kali, utomvu unapolainika, huumega kwa taya zao na kuubeba kwenye miguu ya nyuma pale wanapobebea chavua. Wakirudi mzingani husaidiwa na wenzao kuupakua, kwa kuwa unanata mno. Huchanganywa na nta, ukatumika kuziba nyufa, kupunguza upana wa mlango, na hata kufunika mzoga wa panya mdogo au mjusi ambaye nyuki wamemuua lakini hawana nguvu ya kumtoa nje, ili usiozee humo ndani. Mti ulitengeneza utomvu huo kulinda jeraha lake dhidi ya bakteria na kuvu. Nyuki huuazima kwa kazi ileile, nasi tunauazima kwa mara ya tatu tunapoupaka kwenye ngozi. Fenoli na flavonoidi, yaani kemikali za asili za mimea, zilizomo huzuia bakteria kama Staphylococcus aureus, hutuliza uvimbe na huzuia mafuta ya ngozi yasiharibiwe na oksijeni.

Kutokana na hayo, propolisi haiwezi kuwa bora kuliko miti iliyo karibu. Kwa kawaida nyuki hutafuta mahitaji yao ndani ya kilomita 3 hivi kutoka mzingani, na duara lenye umbali huo kutoka katikati hadi ukingoni lina eneo la takriban kilomita za mraba 28. Humo ndimo ubora wote unamoamuliwa. Ulaya nyuki hutegemea zaidi vichipukizi vya mpopla, na Brazili propolisi ya kijani hutokana na kichaka kiitwacho Baccharis dracunculifolia. Sisi hatuna misitu ya mipopla. Katika propolisi ya Kenya wanakemia wamekuta flavonoidi za pekee zinazohusishwa na Macaranga, jamii ya miti ambayo huku Uganda huota kwenye vinamasi na kingo za misitu, na katika nchi kadhaa za tropiki imeonekana propolisi iliyotokana na utomvu wa mwembe. Ndiyo maana huwa sipendi kuona mtengenezaji wa hapa kwetu akinakili kwenye kibandiko chake orodha ya viambato vya propolisi ya Ulaya. Huenda bidhaa yake ni nzuri, lakini anachokieleza ni mti mwingine.

Hapo neno "safi" linapata maana mbili, na wengi huishika moja tu. Mazingira safi ni yale yasiyo na sumu, lakini pia ni yale yenye miti ya asili ya aina nyingi, yenye umri wa kutoa utomvu. Takwimu za serikali zilionyesha misitu ya Uganda ikipungua kutoka asilimia 24 ya ardhi mwaka 1990 hadi kama asilimia 9 mwaka 2015. Huku kwetu West Nile miti mingi iliishia katika matanuri ya kukaushia tumbaku na katika mkaa, na ingawa Rais alipiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda mwezi Mei 2023, kisiki hakirudi kuwa mti kwa amri. Penye uhaba wa utomvu nyuki huongeza nta. Nimepokea magunia kutoka sehemu zilizokatwa miti ambapo propolisi ilikuwa laini, ya rangi ya kahawia iliyopauka, na baada ya kuiyeyusha karibu yote niliyobaki nayo ilikuwa nta. Haikuwa na sumu yoyote niliyoijua, lakini kwa ngozi haikuwa na la kusaidia.

Lipo baya zaidi ya hilo. Nyuki anapokosa utomvu hutafuta kitu kinachofanana nao. Mwaka mmoja nililetewa kilo kadhaa za propolisi nyeusi, inayong'aa vizuri, na mzee aliyeileta aliisifu kwa uzito wake, naye hakuwa na nia yoyote ya kunidanganya. Nilipoipasha kidogo mkononi ikatoa harufu ya lami. Mizinga yake ilikuwa karibu na barabara iliyokuwa ikitengenezwa, na nyuki walikuwa wakichota lami mbichi mchana kutwa. Nilitia kipande katika spiriti, kikabaki jinsi kilivyo chini ya chupa, ilhali utomvu wa mti huyeyuka na kuipa spiriti rangi ya chai nzito. Kipande kilekile nikakitia katika petroli, kikayeyuka. Sikukitumia kamwe, kwa sababu ingawa lami yenyewe haiyeyuki katika spiriti, baadhi ya kemikali zake za hatari huweza kupita.

Katika mambo haya propolisi hutofautiana sana na asali. Maji ya maua hukaa kwanza katika kifuko cha nyuki na kupita kinywani mwa nyuki wengi, na sehemu ya uchafu hubaki katika miili yao. Utomvu haupiti njia hiyo. Hubebwa nje ya mwili, huku ukinasa kila vumbi linalotua juu yake, kisha hukaa ukutani mwa mzinga kwa miezi, nao huendelea kunasa. Vumbi la barabara kuu ni hatari hasa kwa sababu ya madini ya risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, lakini risasi haiozi, na ile iliyotua kwenye udongo wa kando ya barabara bado huinuka na vumbi la kiangazi. Ngozi nzima hupitisha risasi kidogo sana, nami sitaki kumtisha mtu bila sababu. Hata hivyo marhamu ya midomo humezwa, na ngozi iliyopasuka si ngozi nzima.

Sumu za kilimo zina njia yake. Nyuki wetu wa Afrika wanaishi na kupe wa varroa, wadudu wadogo wanaoshambulia nyuki, bila kutibiwa, kwa hiyo mizinga yetu haina mabaki ya dawa ambazo wafugaji wa Ulaya na Marekani hulazimika kuzitia ndani. Ni baraka kubwa, na inaniuma kuona ikipotezwa kwa mkebe mtupu wa dawa ya kupe wa ng'ombe unaogeuzwa kuwa chombo cha kuvunia, au kwa mzinga unaowekwa kando ya josho, shamba la tumbaku au la pamba. Nyingi kati ya dawa hizo hupenda mafuta, nayo nta na utomvu ni jamii ya mafuta. Spiriti inayotoa flavonoidi hutoa na dawa hizo pamoja, na inapopunguzwa kwa kuvukizwa, vyote viwili hukolea. Usafishaji ninaoufanya (kugandisha propolisi ili iwe rahisi kupondwa, kuondoa vijiti na miguu ya nyuki, kuloweka katika spiriti kwa wiki mbili, kupoza ili nta itengane, kisha kuchuja) huondoa yanayoonekana kwa macho tu. Na spiriti iwe ya chakula au ya dawa yenye chanzo kinachojulikana. Waragi wa kienyeji, ile pombe kali ya nyumbani, usitumike, kwani huweza kuwa na methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, ile iliyoua makumi ya watu Kabale mwaka 2010.

Hata mzinga wenyewe ni mazingira. Mizinga ya vikapu inayopakwa kinyesi cha ng'ombe hufaa kwa asali, lakini propolisi inayokwanguliwa humo hutoka na kinyesi. Rangi ya mafuta ndani ya mzinga, kisu chenye kutu, na moshi wa plastiki au tairi kuukuu vyote huishia katika marhamu. Ninawapa wafugaji wavu wa plastiki ya chakula wenye matundu madogo, wanautandaza chini ya kifuniko, nyuki wanayaziba matundu. Wavu ukigandishwa na kukunjwa, propolisi huanguka vipande vipande bila kuguswa na kisu.

Usafi hauondoi mzio. Propolisi safi kabisa bado huwasha ngozi za watu fulani, na anayewashwa na utomvu wa embe awe mwangalifu zaidi. Pakaa kidogo upande wa ndani wa mkono, ungoje siku mbili.

Mama mmoja wa Zombo, ambaye mizinga yake ilikuwa mpakani mwa shamba la tumbaku, aliihamishia kwenye mteremko wenye miti ya asili, mbali na mashamba, baada ya mimi kukataa gunia lake. Mavuno yake ya kwanza kutoka huko yalikuwa machache kuliko yale niliyoyakataa. Yalikuwa mekundu kwa kahawia, yalivunjika kwa sauti kavu asubuhi ya baridi, na katika spiriti yaliacha nta kidogo tu. Niliyanunua yote kwa bei ya juu kuliko ya kawaida, nikaandika juu ya chupa jina la mteremko ule na mwezi wa kuvuna.