Five o'clock somewhere ni saa ngapi kwetu?

Juzi kwenye grupu letu la kazini jamaa katupia picha ya glasi imejaa barafu, saa sita kamili mchana, chini kaandika It's Five O'Clock Somewhere, yaani kuna mahali saa hizi ni five o'clock. Mwenzake akauliza, saa tano ya wapi tena na saa hizi ni sita? Watu wakacheka ila nahisi nusu yao walifuata mkumbo tu.

Kwanza hiyo five ni saa kumi na moja jioni. Ukiigeuza saa tano utani umekufa hapohapo, saa tano asubuhi mtu si ndo kwanza anafuta makombo ya maandazi. Kule Marekani kazi ya ofisini kwa mazoea ni saa tatu mpaka kumi na moja, na kuna ka-sheria hakajaandikwa popote kwamba mtu na heshima zake hagusi pombe kabla ya kutoka kazini, ukionekana na glasi mchana tayari washaanza kukusema. Sasa mwenye kiu afanyeje? Anakumbuka dunia ni duara, hapa jua liko utosini lakini kuna mahali linazama na watu wanafunga ofisi, basi anakunywa kwa saa za huko. Utani wenyewe ndo huo, sheria anaifuata vizuri kabisa ila saa kaazima kwa watu.

Maneno haya yalikuwepo zamani ila aliyeyatembeza dunia nzima ni Alan Jackson na Jimmy Buffett kwenye wimbo wa kantri wa 2003, watunzi wakiwa Jim "Moose" Brown na Don Rollins. Ulikaa namba moja chati ya kantri ya Billboard wiki 8 na watunzi wakabeba Grammy. Humo ndani kuna mfanyakazi, joto kali, siku haisogei, likizo hajaiona zaidi ya mwaka, bosi naye kamfikisha mwisho. Anatamani kumuita bosi jina baya, anaishia kusema siku yake imeisha, na hapo ukisikiliza kwa Kiswahili hucheki kwa sababu kwa Kiingereza kumuita mtu jina na kuamua kufunga kazi vinatumia kitenzi kilekile, call. Ni mapumziko ya mchana, saa sita na nusu, na anapiga hesabu kwamba anaweza kulipa bili, akadaka teksi, akarudi kazini kabla ya saa nane (mnaojua hizo hesabu mnajijua). Halafu anajiuliza, Buffett angekuwa mimi angefanyaje? Buffett huyu, kafariki 2023, kajijengea jina kwa kuimba ufukwe, boti na vinywaji, kumuomba ushauri wa hivyo ni kama kumuuliza fisi huu mfupa tuutupe au tuuache. Na kweli anaingia kuimba mwenyewe.

Siku hizi si lazima pombe iwepo, mtu akifunga laptop mapema au akila keki kabla ya chakula anaisema tu. Kwa Kiswahili mimi ningesema "kuna mahali washatoka kazini", maana ukitaja saa itabidi uanze kueleza upya.

Kenya nako imekaa kichekesho zaidi, kwa sababu ile sheria ya vileo ya 2010, ile watu wanaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, iliweka baa kufunguliwa Jumatatu mpaka Ijumaa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, wikendi kuanzia saa nane mchana. Yaani ka-sheria ka Wamarekani ka kuonea aibu, pale kakaandikwa na askari wa kukasimamia.

Na yule jamaa wa picha nimemfanyia hesabu, saa sita kamili ya huku Beijing ni saa kumi na moja kamili jioni, hajakosea hata dakika. Nimeandika hivyo kwenye grupu, bosi kaweka kidole gumba, jamaa hajajibu mpaka leo.