Majani ya Vermont: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ifikapo mwisho wa Septemba, milima ya Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, huanza kugeuka rangi, na barabara za vijijini hujaa magari ya wageni. Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili huku Burlington na Winooski, watu wa Kongo, Burundi na Tanzania, tunabaki majumbani. Nikiuliza sababu, nasikia mambo yale yale kila mwaka, na mengi si kweli.

La kwanza ni kwamba baridi imeunguza majani na miti inakufa, sasa mtu atakwenda kutazama nini? Baridi siyo inayoanzisha. Kinachoanzisha ni mchana kufupika, jambo ambalo sisi tuliokulia karibu na ikweta hatukulizoea, maana kwetu jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima. Burlington mchana wa Juni hupita saa 15. Katikati ya Oktoba zimebaki kama 11. Mti unalihisi hilo. Unaanza kurudisha naitrojeni na virutubisho vingine kutoka kwenye majani hadi matawini na mizizini, na klorofili, ile inayoleta kijani, inavunjika bila kutengenezwa nyingine. Manjano unayoiona kwenye miti ya birch, ile ya magome meupe yanayobanduka kama karatasi, ilikuwamo ndani ya jani tangu lilipochipua. Kijani kiliifunika tu. Wekundu ni habari nyingine: miti ya mepo (maple) huutengeneza wakati huo huo, kutokana na sukari iliyobaki jani likiwa linafungwa. Ndiyo maana mchana wa jua ukifuatwa na usiku wa ubaridi usiofikia kugandisha, wekundu hukolea. Barafu ikiwahi, majani huwa ya kahawia na kudondoka kabla ya wakati.

Okota jani la mepo chini ya mti ulitazame kikonyo. Mwisho wake umejifunga, laini, hauna mchaniko. Mti wenyewe ndio uliolikata. Na mti huo huo, kuanzia Februari hadi Aprili, hutobolewa kutoa maji matamu yanayochemshwa kuwa shira. Galoni moja ya shira huhitaji kama galoni 40 za maji hayo, na Vermont hutoa karibu nusu ya shira yote ya mepo ya Marekani. Mti mfu hauwezi kazi hiyo.

Wengine husema kwetu hakuna kitu kama hiki. Aliyekulia kwenye miombo, iwe Tabora, Katavi au Katanga, ameuona msitu mwekundu mwezi wa Septemba na Oktoba, wiki kadhaa kabla ya mvua. Tofauti ni kwamba wekundu wa miombo ni wa majani machanga yanayochipua, na huu wa Vermont ni wa majani yanayoaga. Rangi yenyewe ni ya jamii moja ya kemikali. Mimi hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

"Tumechelewa, wiki ya rangi imepita." Hakuna wiki moja. Rangi huanzia juu milimani na kaskazini mwishoni mwa Septemba, hushuka hadi bonde la Ziwa Champlain na kusini katikati ya Oktoba, na mialoni hufuata baadaye kwa rangi ya kutu. Kwenye barabara ya 108 inayopita Smugglers' Notch, kati ya Stowe na Jeffersonville, unaweza kukuta kileleni matawi matupu na chini rangi bado zinawaka kama moto. Ukiona sehemu imepukutika, shuka bondeni. Mvua nayo isikuzuie: siku ya mawingu rangi huonekana zimekolea kuliko kwenye jua kali la adhuhuri.

Kuna wanaodhani ni starehe ya wenye pesa. Njia ya baiskeli ya Burlington inayofuata ziwa ni bure, hata kwa miguu. Maktaba nyingi za Vermont huazima kibali cha kuingia hifadhi za jimbo, sawa na unavyoazima kitabu. Bustani za matufaha hukuruhusu kuchuma mwenyewe na kulipia ulichochuma. Juisi yao inayokamuliwa pale pale haina kilevi. Yenye kilevi huandikwa "hard cider", basi soma lebo.

Dhana inayoniudhi zaidi ni hii: shamba halina uzio, kwa hiyo ni ruhusa kuingia. Huko Pomfret, mji mdogo wa Vermont, kuna shamba moja lililosambaa mno mitandaoni. Wageni waliegesha magari njiani, wakaingia uani kwa watu kupiga picha, mpaka mwaka 2023 barabara ya Cloudland, inayopita hapo, ikafungwa kwa wasio wakazi msimu wa majani. Yale ni makazi ya watu. Piga hodi kama ambavyo ungepiga kwenu, na ukikatazwa, ondoka.

Kupanda mlima hapa "ni matembezi tu", wanasema. Mlima Mansfield una urefu wa mita 1,339, na kileleni upepo hukata hata bondeni kukiwa na joto la fulana. Saa za kushuka zihesabu vizuri: katikati ya Oktoba jua huzama kama saa kumi na mbili jioni, na saa zikirudishwa nyuma kwa saa moja Jumapili ya kwanza ya Novemba, huzama kabla ya saa kumi na moja. Beba tochi. Msimu huu pia ni wa uwindaji. Wa mishale huanza Oktoba, wa bunduki hushika kasi Novemba. Vaa reflekta ya rangi ya machungwa, na watoto pia.

Na msiamini kwamba baridi imemaliza kupe. Kupe wa miguu myeusi, anayeambukiza ugonjwa wa Lyme (unaoletwa na bakteria), hutembea sana Oktoba na Novemba siku zisizo na barafu. Ingiza suruali ndani ya soksi, na mkirudi kagueni kwapani, nyuma ya magoti na nywelini kwa watoto. Kwa kawaida humchukua zaidi ya saa 24 tangu ang'ate hadi kuambukiza, kwa hiyo ukaguzi wa jioni ile ile unasaidia kweli. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja. Mafuta ya taa na kiberiti, kama tulivyofundishwa wengi wetu, usitumie.