"Nimeshazoea": dhana potofu za watu wa mjini kuhusu usingizi

Muulize mtu wa mjini analala jumla ya saa ngapi kwa usiku mmoja. Atakutajia saa tano, pengine tano na nusu, na kabla hujasema neno ataongeza: "Lakini nimeshazoea." Kauli hiyo ndiyo mama wa dhana potofu karibu zote nitakazozitaja hapa. Watu huamini wamezoea saa chache, wamezoea kelele za barabarani, wamezoea zamu za usiku, wamezoea hata mkoromo wa mwenza wao. Ukweli ni kwamba kinachozoea ni hisia tu. Uchovu huacha kutushtua, lakini moyo, mishipa ya damu na ubongo huendelea kuumia kimyakimya.

"Saa tano zinanitosha"

Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila anayejisifu kwa kulala kidogo angepaswa kulijua. Watu wazima wenye afya zao walikaa maabarani kwa siku 14 mfululizo. Kundi moja liliruhusiwa saa 8 kitandani, jingine 6, jingine 4. Mchana walipimwa umakini na kumbukumbu. Waliopewa saa 6 au 4 walizorota siku hadi siku, mpaka upungufu wao ukafikia ule wa watu waliokesha, kwa baadhi yao sawa na kukesha usiku 2 mfululizo. La kutisha zaidi ni majibu yao walipoulizwa kama wanahisi usingizi. Siku za mwanzo walilalamika, kisha malalamiko yakatulia, ilhali makosa yaliendelea kuongezeka. Kwa hiyo anayesema saa tano zinamtosha hadanganyi. Anasema anachokihisi, ila anayeupima uchovu wake ni ubongo uleule uliochoka.

Je, hakuna watu waliozaliwa hivyo? Wapo. Mwaka 2009 timu ya mtafiti Ying-Hui Fu wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ilieleza badiliko katika jeni iitwayo DEC2 lililowafanya watu wa familia moja kutosheka na usingizi mfupi kuliko kawaida. Watu wa namna hiyo ni nadra sana, na kuna njia rahisi ya kujua kama wewe si mmoja wao: hao huamka wenyewe bila kengele, na siku ya mapumziko hulala vilevile. Kama siku ukiwa huna kazi unalala mpaka jua linakuwa kali, mwili wako umeshakujibu. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walikubaliana mwaka 2015 kwamba mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kwa usiku.

Hapa naomba nikae kidogo kwenye suala la usukani, maana ndipo dhana hii inapoua. Mtu aliyeamka saa 11 alfajiri, ikifika saa 4 usiku ameshakaa macho saa 17. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba kwa wakati huo wepesi wake unakuwa umeshuka hadi kiwango cha mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza mtu kuendesha gari. Kisha kuna kale kausingizi ka kuibia: kichwa hakijaanguka, macho pengine yako wazi, lakini ubongo umezimika kwa sekunde mbili tatu. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde 3 ni karibu mita 67 za barabara ambazo hakuna aliyezitazama. Kufungua dirisha au kupandisha sauti ya redio hakusaidii zaidi ya dakika chache. Kinachosaidia ni kuegesha mahali salama, kunywa kahawa, kulala dakika 15 hadi 20, ndipo uendelee. Na wakubwa wa kazi wanaomsifu mfanyakazi kwa kujibu ujumbe saa 8 usiku wajue kwamba asubuhi yake wanamweka mtu huyohuyo barabarani.

"Deni nitalilipa siku ya mapumziko"

Kulala zaidi siku ya mapumziko ni afadhali kuliko kutolala kabisa. Ila hakufuti yaliyotokea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado waliwanyima watu usingizi siku za kazi, wakawaachia walale watakavyo mwisho wa wiki, kisha wakawanyima tena. Matokeo yao ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba miili ya watu hao iliendelea kupoteza uwezo wa kutumia ipasavyo insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, na usiku waliendelea kula kupita haja. Tena anayeamka saa 12 siku za kazi na saa 5 asubuhi siku ya mapumziko anaivuruga saa ya mwili, yaani mfumo wa ndani unaopanga muda wa kulala na kuamka, kama aliyesafiri kwenda nchi ya mbali na kurudi bila kutoka nyumbani. Ndiyo maana usiku wa kuamkia siku ya kazi usingizi humpaa. Ongeza saa moja hivi kama umechoka sana, kisha usiku unaofuata ingia kitandani mapema.

"Kelele sizisikii tena"

Hii ndiyo dhana ya mjini hasa. Mtu amehamia kando ya barabara kuu, wiki ya kwanza hakupata hata lepe la usingizi, mwezi wa pili analala fofofo. Anahitimisha kwamba yamekwisha.

Jicho tunaweza kulifumba, sikio hatuwezi. Ukiwa umelala, sikio linaendelea kupokea sauti na ubongo unaendelea kuzichambua kutafuta hatari. Lori linapopiga honi saa 9 usiku, mapigo ya moyo hupanda, shinikizo la damu hupanda, na usingizi mzito hushuka kuwa mwepesi. Asubuhi hukumbuki chochote kwa sababu hukuamka kikamilifu. Wanaoishi kwenye kelele huamka mara chache kadiri siku zinavyokwenda, hilo ni kweli, lakini kule kushtuka kwa moyo na mishipa hakupungui kwa kiasi hicho. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2011 kwamba kelele za vyombo vya usafiri zinawapotezea wakazi wa Ulaya Magharibi angalau miaka milioni 1 ya maisha yenye afya kila mwaka, na sehemu kubwa ya hasara hiyo inatokana na kuvurugwa kwa usingizi. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya unapendekeza kelele za magari usiku zisizidi wastani wa desibeli 45 nje ya nyumba.

Mtu binafsi anaweza kuhamishia kitanda upande usiotazama barabara, kuziba mianya ya dirisha na mlango, kutumia vizibo vya masikio, au kuwasha feni ili mvumo wake wa sauti moja ufunike kelele za ghafla. Hatua hizi zinasaidia kweli. Lakini sikubaliani na wanaomwachia mzigo huu mlalaji peke yake. Aliyepanga chumba kando ya barabara mara nyingi alipanga alichokimudu. Kupunguza mwendo wa magari usiku, kudhibiti honi na vipaza sauti, kupitisha malori mbali na makazi, hayo ni mambo ya mamlaka za miji, nayo ni mambo ya afya sawa na maji safi.

"Nimeweka kichujio cha mwanga wa buluu, sasa simu haina shida"

Ndani ya jicho kuna chembe maalumu, zilizoelezwa na wanasayansi mwaka 2002, ambazo kazi yake kubwa ni kuiambia saa ya mwili kama ni mchana au usiku. Mwanga wa buluu huziamsha zaidi, hapo watangazaji wa vichujio wako sahihi. Wanachokiacha ni taa ya darini. Utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mwanga wa kawaida wa chumbani, ukilinganishwa na mwanga hafifu, ulichelewesha melatonini na kufupisha muda wake mwilini kwa takriban dakika 90. Melatonini ndiyo homoni inayoutangazia mwili kwamba giza limeingia. Basi mwenye kichujio kwenye simu huku taa kubwa inawaka juu ya kichwa chake hajabadilisha kitu cha maana. Na simu yenyewe huiba usingizi zaidi kwa yale yaliyomo: mabishano, habari za kuogofya, video inayojiendesha baada ya video. Punguza taa saa moja kabla ya kulala, simu ichaji mbali na mkono wako, na asubuhi toka nje upate mwanga wa jua. Wakazi wa miji hupata mchana hafifu ofisini na usiku mkali nyumbani, na saa ya mwili inahitaji kinyume chake.

Kahawa nitaipitia haraka. Wengi husema hainifanyi kitu, nakunywa na nalala papo hapo. Kulala unaweza kulala. Ila kafeini huziba milango ambayo kemikali ya uchovu, adenosini, huitumia kuuarifu ubongo, na baada ya saa kama 5 nusu yake bado iko mwilini. Jaribio la mwaka 2013 lilikuta kwamba kafeini nyingi iliyonywewa saa 6 kabla ya kulala ilikata zaidi ya saa moja ya usingizi, na wanywaji wenyewe hawakulitambua vizuri hilo.

"Anakoroma, amechoka tu, muache alale"

Ningependa kila anayelala karibu na mtu anayekoroma asome sehemu hii polepole. Kukoroma peke yake huenda kusiwe na neno. Sikiliza kinachofuata. Mkoromo unapanda, unapanda, kisha unakatika ghafla. Kimya. Kifua kinahangaika lakini hewa haipiti. Sekunde 10, pengine 20, pengine 30. Halafu mtu anashtuka akitweta kama aliyeibuka kutoka majini, anageuka upande, na mkoromo unaanza upya. Njia ya hewa kooni imejifunga, oksijeni imeshuka, na ubongo umelazimika kumwamsha ili asikose pumzi. Kwa wenye hali kali hutokea zaidi ya mara 30 kwa kila saa. Asubuhi mtu huyo anaapa kwamba alilala saa nane nzima, na hajui kwa nini kichwa kinamuuma na anasinzia mkutanoni.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yanasema karibu watu bilioni 1 wa umri wa miaka 30 hadi 69 duniani wana tatizo hili la pumzi kukatika usingizini kwa kiwango fulani. Wengi hawajui. Ni dhana potofu pia kwamba ni ugonjwa wa wanaume wanene tu. Unene huongeza hatari, lakini umbo la taya na koo nalo lina nafasi yake, na wanawake wengi hupata dalili za kukosa usingizi na uchovu badala ya mkoromo mkubwa, hivyo hupewa majibu yasiyo yao. Tatizo hili hupandisha shinikizo la damu na linatibika. Mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa, iliyobuniwa na Colin Sullivan wa Australia na kuelezwa mwaka 1981, hulizuia koo lisijifunge. Kupunguza uzito husaidia, na kulala ubavu husaidia baadhi. Pombe, ambayo wengi huinywa ili walale, hulegeza misuli ya koo na kuongeza tatizo. Hata kwa asiyekoroma, pombe humlaza upesi na kumkatakata usingizi nusu ya pili ya usiku.

"Zamu ya usiku? Mwili ulishageuka"

Wanaogeuka kweli ni wachache sana. Mlinzi au muuguzi anayetoka kazini asubuhi hukutana na jua njiani, nalo huirudisha saa ya mwili mchana, kisha siku za mapumziko anaishi kama watu wengine. Mwaka 2007, na tena 2019, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani. Miwani ya giza njiani, chumba chenye giza totoro na familia inayoheshimu usingizi wa mchana hupunguza ugumu. Zamu kuvurugika huongeza pia uwezekano wa kukabwa na jinamizi: unaamka akilini, ila misuli bado imelegezwa na usingizi wa ndoto. Halina uchawi, hupita baada ya muda mfupi.

"Usingizi ukikataa, baki kitandani mpaka uje"

Hawa ni watu wa kundi jingine: wana muda wa kulala, lakini usingizi wenyewe hauji. Wengi huingia kitandani mapema zaidi, hufumba macho kwa nguvu, hutazama saa kila mara. Kila usiku wa namna hiyo unaufundisha ubongo kwamba kitanda ni mahali pa kuhangaika. Tangu mwaka 1972 mwanasaikolojia Richard Bootzin alipendekeza kinyume chake: ukiona kama dakika 20 zimepita bila usingizi, inuka, kaa kwenye mwanga hafifu ukifanya jambo tulivu, rudi macho yakiwa mazito, na amka saa ileile kila siku.

Ukikosa usingizi angalau siku 3 kwa wiki kwa muda wa miezi 3, hilo ni tatizo sugu la kupeleka kwa daktari. Vidonge si tiba ya kuanzia. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani wa Marekani kilipendekeza tiba ya kubadili fikra na mienendo iwe ya kwanza kwa watu wazima. Sehemu yake moja huwashangaza wagonjwa: anayelala saa 6 ndani ya saa 9 za kujigeuzageuza hupewa saa 6 tu za kuwa kitandani, kisha huongezewa dakika 15 kadiri usingizi unavyojaa. Wiki za mwanzo ni ngumu na kusinzia mchana huongezeka, kwa hiyo dereva, mwenye kifafa au mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka asiianze peke yake bila mtaalamu.