Sahani ikibadilika, dozi nayo ipangwe upya: dhana potofu kuhusu kupunguza wanga ukiwa na kisukari

Siku hizi si ajabu kumkuta mwenye kisukari aliyeacha ugali na wali mwezi mzima na daktari wake hana habari. Alisikia kwa jirani, au aliona video kwenye simu, akaanza. Kupunguza wanga si kosa. Kwa watu wengi wenye kisukari aina ya pili kunashusha sukari kweli. Hatari iko kwenye ule ukimya, nao unalishwa na mambo kadhaa yanayoaminiwa bila msingi.

"Daktari atakataa tu, bora nianze kimyakimya"

Wengi wanadhani madaktari wote wanahimiza wanga kila mlo. Ushauri wa zamani ulielemea huko, lakini umebadilika. Mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kilitoa ripoti ya wataalamu iliyosema kuwa kupunguza wanga ndiyo njia ya ulaji yenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari, na kwamba hakuna asilimia moja ya wanga inayomfaa kila mgonjwa. Mwaka 2021 shirika la kisukari la Uingereza, Diabetes UK, likakubali kuwa kwa watu wazima wenye aina ya pili njia hii ni salama na inasaidia, angalau kwa muda mfupi. Tanzania nako, Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo, amekuwa akizungumza hadharani kwa miaka kuhusu kupunguza wanga na sukari.

Basi ukikutana na daktari anayesita, mara nyingi sababu imo ndani ya faili lako: figo, ujauzito, aina ya dawa unazotumia. Muulize sababu hiyo ni ipi. Una haki ya kuijua.

"Dawa ni za daktari, chakula ni changu"

Hii ndiyo dhana inayowafikisha watu hospitali usiku. Dozi unayotumia ilipangwa kwa kuangalia sukari uliyokuwa nayo ulipokuwa ukila kama kawaida yako. Ukiondoa nusu ya ugali na ukaiacha dozi palepale, dawa inabaki na nguvu ileile huku kazi yake imepungua, na sukari inaporomoka.

Dawa hazifanani kwa hatari hiyo. Metformini peke yake kwa kawaida haishushi sukari kupita kiasi. Glibenklamidi, ambayo wengi wanaifahamu kama Daonil, na gliklazidi huilazimisha kongosho kutoa insulini, uwe umekula au hukula. Glibenklamidi inakaa mwilini muda mrefu, na kwa wazee na wenye figo dhaifu ni hatari zaidi. Insulini ya mchanganyiko, ile ya sindano asubuhi na jioni, hufanya kazi kwa saa nyingi ikitegemea kwamba chakula kitakuja. Sukari ikishuka chini ya 4 (yaani kama 70 kwa mashine zinazosoma miligramu), mtu hutoka jasho, hutetemeka, moyo humwenda mbio, huchanganyikiwa, na asiposaidiwa anaweza kupoteza fahamu. Akiwa bado na fahamu, vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji humwinua, kisha anapimwa tena baada ya dakika 15. Hapo si wakati wa kuogopa wanga.

Kuna kundi jingine linalosahaulika: dapagliflozini na empagliflozini, zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo. Anayezitumia akikata wanga kwa ghafla anaweza kuingia kwenye ketoasidosi, yaani damu kujaa asidi, huku mashine ikionyesha sukari isiyotisha. Daktari asiyejua kuwa umebadilisha mlo hatakuwa na sababu ya kukuonya. Vivyo hivyo dawa za presha: wiki za mwanzo mwili hutoa maji na chumvi nyingi, presha inashuka, na unasimama unashikwa na kizunguzungu.

Waislamu wenye kisukari wanayajua mazungumzo haya tayari. Kabla ya Ramadhani, miongozo inashauri mgonjwa amwone daktari wiki 6 hadi 8 mapema ili saa na vipimo vya dawa vipangwe kufuata daku na futari. Kupunguza wanga kunahitaji mazungumzo yaleyale, tofauti ni kwamba huku hakuna mwandamo wa mwezi wa kukukumbusha.

"Nikikata wanga, insulini siihitaji tena"

Mwenye aina ya kwanza hana insulini yake mwenyewe. Hata asipogusa tonge, akiacha sindano damu yake itajaa asidi na anaweza kufa kwa siku chache. Dozi inaweza kupungua, kuacha hapana. Anayekuambia vinginevyo anahatarisha maisha yako, hata kama ana wafuasi wengi.

Na wa aina ya pili ambaye sukari imerudi sawa? Wataalamu mwaka 2021 walikubaliana kuita hali hiyo utulivu wa ugonjwa, pale kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kinapokaa chini ya asilimia 6.5 kwa angalau miezi 3 bila dawa. Hawakuiita kupona. Macho, miguu na figo bado vinapimwa kila mwaka.

"Mimi nakula dona, kwa hiyo sina shida"

Gramu 100 za unga wa mahindi, uwe sembe au dona, zina wanga wa karibu gramu 75. Dona ina nyuzinyuzi zaidi, na hilo ni zuri, lakini mlima wa dona ni mlima wa wanga. Daktari David Unwin wa Southport, Uingereza, hupenda kuwaonyesha wagonjwa wake vyakula kwa vijiko vya sukari: wali wa gramu 150, ambao kwetu ni sahani ya mtoto, huinua sukari kama vijiko 10 vya chai. Asali nayo ni sukari, hata ikitoka Tabora.

"Hicho ni chakula cha matajiri"

Mchicha, matembele, sukuma wiki, bamia, kabichi, mayai, dagaa, karanga, parachichi: vyote vipo sokoni. Wala si lazima uondoe wanga wote. Wataalamu wengi huita chini ya gramu 130 kwa siku kuwa wanga kidogo, na hapo bado kipande cha ugali na maharage kinaingia. Wala si lazima nyama iongezeke. Mwenye figo zilizoathirika asiiongeze bila kuelekezwa.

Na wanaoogopa kuwa bila wanga ubongo utakufa njaa, haufi. Ini hutengeneza glukosi yake kila siku.

"Nikiongea sana nitaonekana mjuaji"

Foleni ni ndefu, dakika ni chache, na wazee wetu wengi walilelewa kutombishia daktari. Lakini kumpa taarifa si kumbishia. Nenda na daftari: sukari kabla ya mlo na saa 2 baada yake, kwa siku chache tu kama stripu zinakubana, na pembeni uandike ulikula nini. Beba dawa zote, pamoja na za miti shamba. Kisha sema waziwazi: "Daktari, nataka kupunguza ugali na wali kuanzia wiki ijayo. Dawa ipi kati ya hizi inaweza kunishusha sukari, na tuipunguze kiasi gani siku nitakapoanza?"

Omba figo na mafuta ya damu vipimwe kabla ya kuanza na tena baada ya miezi 3, kwa sababu kwa baadhi ya watu lehemu (kolesteroli) mbaya hupanda. Mama mjamzito au anayenyonyesha, na mzazi wa mtoto mwenye kisukari, wasianze bila daktari kuwafuatilia kwa karibu. Daktari akisema hajui sana mambo ya mlo, omba akuandikie rufaa kwa mtaalamu wa lishe, lakini suala la dozi libaki mezani kwake. Usiinuke kitini kabla hujapata tarehe ya kurudi ndani ya wiki 2, na namba ya kupiga sukari ikishuka usiku.