Mfuko wa kupinga ubaguzi wa rangi: watu wanavyodhani na mambo yalivyo

Kila anayeanzisha mfuko wa kupinga ubaguzi anaandika kanuni zake, usawa, heshima, mshikamano, mambo safi kabisa, zinabandikwa ukutani na maisha yanaendelea. Mimi nimekaa kwenye kamati ya kugawa ruzuku miaka mitatu na nilichokiona ni kwamba kanuni hazikai ukutani, zinakaa kwenye fomu ya maombi na kwenye mkono wa anayeshika kalamu siku ya kugawa. Sasa kuna maneno nayasikia kila siku, mengine kutoka kwa watu wazuri tu wasio na neno na mtu, ngoja niyaweke hapa moja moja.

Dhana: Ubaguzi ni roho mbaya ya mtu, tukibadilisha mioyo umeisha

Hii ndo mama wa dhana zote. Mwaka 1963 mjini Bristol, Uingereza, kijana mweusi anaitwa Guy Bailey aliombewa intavyuu ya kazi kwenye mabasi, aliyepiga simu kwa niaba yake ni mwanaharakati Paul Stephenson, na kwenye simu mambo yakawa laini, nafasi ipo, aje. Ile kuambiwa tu kwamba kijana asili yake ni visiwa vya Karibi, intavyuu ikafutwa. Sasa angalia, hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyepigwa, na hakuna sheria iliyovunjwa kwa sababu sheria yenyewe haikuwepo, tena tawi la chama cha wafanyakazi pale pale lilishapitisha azimio mwaka 1955 kwamba watu wa rangi wasiajiriwe kufanya kazi ndani ya mabasi. Ungekuja na semina ya kubadilisha mioyo ungebadilisha nini hapo? Watu waligomea mabasi karibu miezi minne, kampuni ikasalimu amri tarehe 28 Agosti 1963, halafu ndo zikaja sheria, ya 1965 ikagusa sehemu za umma, ya 1968 ikagusa ajira na nyumba.

Na ukitaka kuona ubaguzi usio na sura ya mtu, chukua sheria ya Uingereza ya 1833 ya kukomesha utumwa. Serikali ilitenga fidia ya pauni milioni 20, na ilienda kwa wenye watumwa, waliotumikishwa hawakuonja hata senti. Sehemu kubwa ya pesa hiyo ilikopwa, na deni lake limemalizwa kulipwa 2015. Soma tena huo mwaka taratibu.

Kwa hiyo mfuko ukisema unapinga ubaguzi, kanuni yake ya kwanza ni kufuata mzizi, sheria gani, bajeti gani, nani anaandika masharti ya kazi. Kufariji walioumia ni kazi njema ila sio yote.

Dhana: "Mimi sioni rangi"

Wanaosema hivi wengi wana nia nzuri, na kibayolojia wana pointi, watu wowote wawili wanafanana DNA kwa takriban asilimia 99.9. Shida ni kwamba waliochora ramani waliiona rangi vizuri sana. Marekani miaka ya 1930 ramani za mikopo ya nyumba zilipakwa nyekundu kwenye mitaa waliyoishi weusi, maana yake hapa ni hatari, usikopeshe, na sheria ya kukataza ubaguzi kwenye nyumba ikaja 1968, kizazi kizima baadaye, wengine walishajenga mali wengine walishapangishwa mpaka wakazeeka. Mfuko unaogoma kuhesabu pesa zake zimefika kwa nani, eti kuhesabu rangi ni vibaya, utajuaje kama na wenyewe hauna ramani yake ya nyekundu?

Dhana: Watu wa mashinani hawajui mambo ya hela

Hapa nakasirika kidogo. Mgomo wa Montgomery, Alabama, Marekani, weusi walipogoma kupanda mabasi yaliyowabagua, ulidumu siku 381, kuanzia Desemba 1955 hadi Desemba 1956, na watu wanakumbuka hotuba tu. Hotuba haziendi kazini asubuhi, mafuta ya magari ya kubebana yalikuwa yanatoka wapi? Sehemu yake ilitoka jikoni. Georgia Gilmore, mpishi na mkunga, alikusanya wanawake wakawa wanapika na kuuza vyakula na keki, pesa wanapeleka kwenye mgomo, na kikundi chao wakakiita Klabu ya Kutoka Popote. Jina lina akili ajabu, ukiuliza pesa imetoka wapi jibu ni haijatoka popote, kwa sababu wengi wao walikuwa wanafanya kazi kwenye nyumba za wazungu na kujulikana ilikuwa ni kupoteza kazi. Yaani hao walikuwa na mpango wa mapato, wana usiri wa wachangiaji na wana nidhamu ya kuwasilisha makusanyo, bila mshauri elekezi hata mmoja.

Dhana: Wataalamu ndo wachague nani apewe

Kikao changu cha kwanza tulikuwa na maombi kama arobaini mezani. Fomu yetu ilikuwa kurasa 19, na nilichogundua baada ya saa mbili ni kwamba tulikuwa hatuchagui kazi nzuri, tulikuwa tunachagua waandishi wazuri. Kulikuwa na kikundi kimoja cha kina mama, wanasindikiza watu wanaokamatwa-kamatwa kwa sababu ya sura zao, wanakaa nao vituoni usiku, wanatafuta mawakili wa kujitolea, fomu yao ilijazwa kwa kalamu, pale penye "nadharia ya mabadiliko", yaani kazi yenu italetaje mabadiliko, waliandika sentensi moja, kwamba mtu akikamatwa wakaja watu kumi kuulizia, hatendewi kama vile angekuja mmoja. Mwenzetu mmoja msomi akasema hii sio nadharia. Ombi lao likakataliwa. Mimi nilinyamaza, na hilo bado linanisumbua, kwa sababu mle ndani hakukuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kusimamishwa barabarani kwa sababu ya ngozi yake isipokuwa mimi.

Ukweli ni kwamba utaalamu upo wa aina mbili, wa kusoma jambo na wa kuliishi, na mfuko wa kweli unauweka huu wa pili mezani ukiwa na kura, sio ukiwa na chai na asante kwa kuja. Siku hizi mifuko mingine inawapa wanaharakati wenyewe maamuzi yote ya ruzuku, wafadhili wanachangia na kukaa pembeni.

Dhana: Pesa ya uendeshaji ni pesa ya kuliwa

Kodi ya chumba, bando, nauli, mtu wa kuangalia watoto mkutano ukiwa jioni. Bila hivyo huo mradi unafanywa na nani? Tuendelee.

Dhana: Sisi ni wapinga ubaguzi, kwetu haupo

Upo sana. Anayefungua mkutano ni mwanaume, anayepanga viti na kuandika muhtasari ni mwanamke, mwenye ngozi ya maji ya kunde ndo anapigwa picha. Kimberlé Crenshaw, msomi wa sheria wa Marekani, alilieleza mwaka 1989, kwamba mwanamke mweusi anagongwa na ubaguzi wa rangi na wa jinsia kwa pamoja, na ukivitazama kimoja kimoja yeye anapotea katikati. Ella Baker, mwanaharakati mweusi wa Marekani, alikuwa ameyaishi hayo zamani, akiwa kwenye harakati za haki za kiraia zilizojaa wachungaji wanaume. Aprili 1960 alipowakutanisha wanafunzi Raleigh, akawahimiza wawe na chombo chao wenyewe badala ya kuwa mkia wa wakubwa, ndo ikazaliwa SNCC, kamati ya wanafunzi ya kuratibu harakati bila vurugu. Kwa hiyo kanuni ya kuwajibishana lazima iwe na njia yake, mtu akiona kasoro apeleke wapi na atajibiwa lini, la sivyo ni maneno.

Dhana: Ukiwapa walengwa maamuzi watajipendelea

Hili huwa linasemwa kwa sauti ya chini, mlango ukishafungwa. Kwani bodi za wenye suti hazijuani? Wamesoma pamoja, wanaalikana harusi, na pesa inazunguka kwa walewale. Dawa ya upendeleo ni utaratibu, ukihusika na ombi unatamka na unatoka nje, awe profesa awe muuza mitumba.

Wale kina mama walikuja kupata, ilichukua mwaka. Tulikuwa tumeshapunguza fomu ikawa kurasa mbili, asiyeweza kuandika anajieleza kwa sauti kwenye simu, na nusu ya kamati ikawa watu wa vikundi vyenyewe, akiwemo mmoja wao. Ombi lao lilipofika mezani mwenyekiti hata hajafungua mdomo yule mama alishasimama, akabeba pochi yake akatoka. Tukajadili dakika ishirini. Nilipoenda kumuita nikamkuta kwenye korido na simu sikioni, kuna mtu alikuwa amekamatwa, anauliza ni kituo gani.