Hiyo "nyama ya puani" uliyoimulika na tochi ya simu ni yako, iache

Wiki hii pekee nimeletewa picha tatu. Huyu wa leo hata salamu haijaisha kashachomoa simu, "Dokta cheki, ninazo mbili, huku moja na huku moja, nataka zitolewe." Mdogo wangu, hata mimi ninazo. Hizo ni tabineti, mikunjo ya kawaida iliyo ndani ya pua ya kila mtu.

Chukulia uko Makete, kule kwenye baridi Njombe, mwezi wa saba, alfajiri, nyuzi 5. Hewa hiyo haina hata miligramu 7 za maji kwa lita, na kule ndani mapafu yanataka nyuzi 37 na miligramu 44, hayajui kama nje kuna barafu. Anayepasha na kulowesha, tena kwa muda usiofika hata sekunde chache, ni hiyo nyama uliyoipiga picha, imejaa damu kama sponji, na hewa ikirudi inakuta utando wa ndani ya pua umepoa inaachia sehemu ya maji yake, ndo maana asubuhi ya baridi unavuta kamasi jepesi na wala huumwi. Mambo ya kuchuja vumbi nayaruka, hayo mnayajua.

Kinachonichosha sasa, "jana liliziba la kulia leo la kushoto, kwa hiyo nyama inahama." Haihami! Zinapokezana zamu, upande mmoja unavimba mwingine unanywea, baada ya masaa kadhaa zinabadilishana, na ukilalia ubavu ule wa chini ndo unajaa. We umeipiga picha ikiwa kazini.

Anayebisha aje wodini aone mgonjwa wa trakeostomi, hewa inaingilia shingoni, pua imerukwa. Ukizembea kumwekea kifaa cha kutunza unyevu makohozi yanaganda, nimeshachomoa bomba la ndani limezibwa na kitu kigumu kama ukoko wa ugali.

Sisemi nyama zote ni uongo. Mtoto anayekoroma mdomo wazi kila usiku mleteni, inaweza kuwa adenoidi, nyama ya nyuma ya pua juu ya koo, huko tochi yako haifiki. Polipu nazo zipo, vivimbe laini vinavyoota puani, zimepauka kama zabibu iliyomenywa.

Na tabineti zenyewe huwa tunazipunguza, mzio ukizidi na dawa ya kupuliza ikagoma. Ila kiasi gani ukate, nikiri tu, ni jicho la mkataji, hakuna rula. Nishaona mtu kapunguzwa mno, ukichungulia njia nyeupe kama barabara ya mwendokasi usiku wa manane, na yeye analia hapumui. Zamani nilidhani anadeka. Siku hizi naamini ule ubaridi wa hewa ikigusa utando ndo unaoupa ubongo taarifa kwamba hewa imepita, sasa utando ukiuondoa nani atatoa taarifa?

Halafu kuna hizo dawa za "kudondosha nyama" mnazouziwa kwenye status, zinawasha mpaka machozi. Kinachodondoka ni utando wako uliobabuka.

Kijana nimempa dawa ya mzio, arudi baada ya mwezi. Kafika mlangoni kageuka, kaomba tochi yangu acheki za kwangu. Nikakaa, nikainua pua.